Trekta la Mnadani: Piga Hesabu Kabla Hujaweka Dau

Msimu unakaribia, na kama kawaida simu yangu imeanza kujaa meseji za aina moja: "Bwana shamba, kuna trekta nimeliona kwenye mnada wa mtandaoni, dau limefika milioni 12, zimebaki siku mbili. Nichukue?" Mimi hujibu kwa swali: hilo trekta likifika shambani kwako na likaanza kulima, litakuwa limekula shilingi ngapi? Hapo wengi wanakaa kimya. Wanaijua bei ya dau, bei ya trekta hawaijui.

Sina ugomvi na mashine zilizotumika. Kijana mwenye ekari 20 za mpunga hawezi kusubiri mpaka apate hela ya trekta jipya kutoka dukani, atazeeka. Na minada ya mtandaoni imefungua mlango ambao zamani ulikuwa wa wenye jamaa zao mjini. Mashine za kampuni iliyofunga shamba, mali chakavu za taasisi, mizigo iliyotelekezwa bandarini ambayo TRA huiuza, hata trekta lililoko Uingereza, vyote unaviona ukiwa umekaa chini ya mwembe na simu yako. Shida ni kwamba na tapeli naye anakuona wewe. Halafu hata pale ambapo hakuna tapeli, mnada una tabia yake ya kumfanya mtu mzima alipe kuliko alivyokusudia.

Kwanza tuelewane lugha

Bei ya kuanzia ni chambo. Imewekwa chini ili watu waingie. Mali nyingi huwa na bei ya siri ambayo mwenyewe hataki kushuka chini yake. Dau lisipoifikia, hata ukiwa wa kwanza hupewi kitu. Kuna minada isiyo na bei hiyo ya siri, na Ritchie Bros. wa Canada walijijengea jina kwa mtindo huo: dau la juu linachukua mali, liwe dogo, liwe kubwa. Bei ya nyundo ni dau la mwisho lililoshinda. Juu yake inakuja kamisheni ya mnunuzi, yaani asilimia anayokutoza mwendesha mnada kwa sababu umeshinda, na mara nyingi VAT.

Matangazo ya minada yetu yana sentensi moja ambayo vijana huiruka: mali itauzwa kama ilivyo na mahali ilipo. Maana yake ni kwamba ukikuta gia boksi haina gia, ni yako. Ukikuta betri imeng'olewa usiku wa kuamkia siku ya kuchukua, malizana na mlinzi. Na kulitoa hapo lilipo ni juu yako, hata kama limezama kwenye tope hadi rimu. Sentensi inayofuata huwa ya malipo. Sharti unalolikuta mara kwa mara, hasa kwenye mali za serikali, ni kulipa asilimia 25 papo hapo na iliyobaki ndani ya siku 14. Ukishindwa, mali inaondoka na ile asilimia 25 harudishiwi mtu. Kwa hiyo mkopo ambao "afisa wa benki amesema utatoka wiki ijayo" siyo hela ya kwenda nayo mnadani.

Jambo lingine ni muda wa kufunga. Kuna mitandao, eBay ikiwa mojawapo, ambayo saa ikifika imefika, na watu hutupa dau sekunde za mwisho. Mingine huongeza dakika chache kila dau jipya linapoingia karibu na mwisho. Soma ipi ni ipi. Kama mtandao wa simu kijijini kwenu ni wa kupanda kichuguu, usicheze mchezo wa sekunde za mwisho. Tumia dau la kiotomatiki kama lipo: unaandika kiwango chako cha juu, mfumo unakupandishia kidogo kidogo kwa kadiri inayohitajika tu. Ukiandika milioni 18 na mwenzako ameishia 15, utalipa 15 na hatua moja ya juu, siyo 18. Kizuri zaidi ni kwamba kiwango umekiandika ukiwa umetulia, moyo haujaanza kwenda mbio.

Hesabu ianzie shambani, irudi nyuma

Hapa ndo penyewe. Watu wengi huanza na dau, wakaongeza gharama moja moja kadiri zinavyojitokeza. Wewe anzia mwisho. Uliza: trekta la aina hii, la umri huu, linalofanya kazi, ambalo fundi wangu amelikubali, hapa kwetu linauzwaje? Halafu toa kila kitu kitakachokula hela kati ya mnada na shamba.

Tuchukue namba za mfano, wewe utaweka za kwenu. Tuseme trekta zima la aina hiyo wilayani kwako ni milioni 30. Toa milioni 4 za matengenezo, kwa sababu hakuna trekta la mnadani lisilodai kitu. Toa 1,800,000 za lori la kulibeba. Toa 400,000 za nauli yako na ya fundi kwenda kulikagua. Toa 500,000 za kubadilisha umiliki, bima na makaratasi. Toa milioni 3 za lile usilolijua, maana hakuna garantii. Umebaki na milioni 20 na laki 3. Bado hilo siyo dau lako. Mnada unachukua kamisheni ya asilimia 10, na kamisheni hiyo ina VAT ya asilimia 18, kwa hiyo kila shilingi 100 ya dau inakutoka kama shilingi 111.80. Gawanya: dau lako la juu kabisa ni kama milioni 18 na laki 1 na nusu.

Sasa angalia. Kama masharti yanasema VAT ni juu ya vyote, yaani bei ya nyundo pamoja na kamisheni, kila shilingi 100 inakuwa 129.80, na dau lako linashuka hadi kama milioni 15 na laki 6. Mstari mmoja wa masharti umehamisha milioni mbili na nusu. Ndiyo maana nakuambia usome, na usipoelewa piga simu uulize kabla, siyo baada ya nyundo kulia.

Kwa nini zile milioni 3 za lisilojulikana? Mwaka 1971 wahandisi watatu wa kampuni ya mafuta ya Atlantic Richfield ya Marekani, Capen, Clapp na Campbell, walichapisha makala wakijaribu kueleza kwa nini makampuni yaliyoshinda zabuni za vitalu vya mafuta katika Ghuba ya Mexico yalikuwa yanapata faida ndogo kuliko yalivyotarajia. Jibu lao ndilo linaloitwa laana ya mshindi. Watu kumi wakikadiria thamani ya kitu kimoja ambacho hakuna anayekijua vizuri, wengine watakadiria chini, wengine juu. Anayeshinda mnada ni nani? Yule aliyekadiria juu kuliko wote, yaani ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kuwa amekosea. Kwa hiyo kadiri watu wanavyokuwa wengi kwenye mnada na kadiri unavyokijua kitu kidogo, ndivyo unavyotakiwa ushushe dau lako. Vijana hufanya kinyume: wakiona watu 15 wanaligombea wanasema basi lazima ni zuri.

Tena hujui unashindana na nani. Pierre Omidyar alipoanzisha mtandao uliokuja kuitwa eBay mwaka 1995, kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kitochi cha leza kibovu, kwa dola 14.83. Akamuuliza mnunuzi kama ameelewa kwamba ni kibovu. Ameelewa vizuri, alikuwa anakusanya vitochi vibovu. Kwenye mnada wa matrekta wapo watu wa namna hiyo: mwenye gereji anayelitaka kwa ajili ya spea, fundi ambaye matengenezo yako ya milioni 4 kwake ni laki 8 kwa sababu mikono ni yake. Ukimfuata huyo dau kwa dau, unamfuata mtu ambaye hesabu yake siyo yako. Na ukiona yeye ameacha halafu wewe bado unapanda, hebu jiulize amejua nini.

Wapo pia wanaoingia kupandisha bei tu, watu wa muuzaji. Huwezi kumthibitisha mtu kama huyo kirahisi. Kinga yako ni kile kiwango ulichoandika kwenye daftari. Kikipita, funga simu, nenda kamwagilie.

Macho yako, au ya fundi unayemlipa wewe

Picha siyo ukaguzi. Mnada wa kweli huweka siku za kuangalia mali. Kama hakuna siku hizo na hakuna mtu wa kukufungulia geti, mimi naishia hapo. Nenda na fundi wako. Usikubali "fundi yupo hapa hapa, atakusaidia". Afisa zana za kilimo wa halmashauri yako naye anaweza kukushauri, ndiyo kazi yake.

Fika asubuhi na uombe injini isiwashwe kabla hujafika. Weka mkono kwenye injini; ikiwa ya moto, kuna kitu wamekificha. Injini ya dizeli iliyochoka huwa na shida ya kuwaka ikiwa baridi, ikishapashwa inajifanya kijana. Ikiwaka, angalia moshi. Mweusi unaokaa, dizeli inazidi au hewa haitoshi: anzia kwenye chujio la hewa na nozeli. Wa bluu, inakula oili: ringi au sili zimekwisha, na hiyo ni hela. Mweupe usiokoma hata injini ikipata moto, fikiria maji kuingia kwenye silinda. Chomoa kijiti cha oili: ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia. Fungua rejeta ikiwa bado baridi: ukiona mafuta yanaelea, ni ugonjwa huo huo.

Kisha haidroliki. Nyanyua jembe, zima injini, angalia. Likianza kushuka haraka lenyewe, kuna mahali panavuja. Ingiza PTO uone kama inashika na kuachia. Jaribu kila gia, na ya kurudi nyuma usiisahau. Shika gurudumu la mbele ulitikise. Likicheza, bushi na beringi zinakungoja.

Mita ya saa usiiamini peke yake, inaweza kubadilishwa kwa nusu saa. Soma saa za kazi kwenye vitu ambavyo hakuna anayekumbuka kuvibadili: pedali ya klachi imelika kiasi gani, usukani umekuwa laini kama chupa, tundu la pini ya kuvutia trela limekuwa la yai. Mita inasema saa 1,900 na pedali imebaki chuma kitupu? Kinachodanganya ni mita. Rangi mpya kwenye trekta kuukuu nayo uitilie shaka, hasa kwenye bloku la injini ambako hakuna mtu anapaka rangi kwa urembo. Pita na kucha au bisibisi ndogo utafute ufa uliozibwa. Matairi ya nyuma yapige bei kabla, kwa sababu jozi mpya inaweza kukumaliza.

Halafu namba. Namba ya chesisi na ya injini zisomwe kwenye chuma chenyewe, siyo kwenye kibao tu, kwa sababu kibao kinahamishika kwa riveti mbili. Zilinganishe na kadi. Chukua namba ya usajili uende ofisi ya TRA uulize jina la mmiliki, kama kuna zuio, kama kuna deni. Matrekta mengi ya vijana wenzako yamenunuliwa kwa mkopo au kwa kukodishwa mpaka deni liishe. Mpaka hapo mwenye mali ni mkopeshaji, hata kama aliyelikalia ni mwingine. Mtu akikuambia kadi imepotea lakini ana ripoti ya polisi ya upotevu, usimwite mwizi, ila usitoe hata senti mpaka kadi mpya itoke kwa jina lake.

Kama ni mbali na hamna namna ya kwenda, omba vitu ambavyo mwenye picha za kuiba hawezi kuvitoa. Mwaka jana kikundi kimoja cha vijana wa mpunga kilinitumia tangazo la trekta zuri sana, bei nusu ya soko, eti lipo Ifakara. Nyuma ya trekta kulikuwa na miti isiyo na jani hata moja na mzee amevaa koti zito na kofia ya sufu. Ifakara hiyo mimi siijui. Tukamwomba muuzaji aandike jina la kikundi na tarehe ya siku hiyo kwenye karatasi, aliweke kwenye boneti, arekodi video moja isiyokatwa kuanzia kwenye karatasi mpaka kwenye namba iliyogongwa kwenye bloku, kisha awashe injini. Akatuma picha ya kibao. Tukaomba tena, akatuma picha nyingine ya trekta lile lile na maneno kwamba kuna mteja wa Mbeya anakuja na hela taslimu. Mara ya tatu hakupatikana. Milioni 6 za kikundi zilibaki benki, na ndizo zilizokwenda kununua pawatila ambayo sasa inalima.

Hela ipite wapi

Tapeli anakuwa na haraka kuliko wewe. Hilo tu likufanye upunguze mwendo.

Malipo ya taasisi ya serikali hupitia namba ya kumbukumbu ya malipo, ile tunayoiita kontrol namba, na ukiingiza kwenye simu au benki inakuonyesha jina la taasisi inayolipwa. Mtu anayejiita afisa wa mnada akikupa namba yake ya simu "kwa sababu mfumo uko chini", hiyo ni ile ile ya "hela tuma kwenye namba hii", imevaa suti tu. Kampuni binafsi ya mnada ilipwe kwenye akaunti yenye jina la kampuni, herufi kwa herufi. Amana ya kujisajili si ajabu, minada ya kweli mingine huidai, lakini iwe kwenye akaunti ya kampuni na masharti ya kurudishiwa yawe yameandikwa.

Namba ya simu ya kuwahakiki usiichukue kwenye tangazo lile lile. Itafute kwingine, kwenye gazeti, au tuma mtu ofisini kwao. Anwani ya tovuti isome polepole. Tovuti bandia hunakili ya kweli kila kitu na kubadili herufi moja. Ukishatuma kwenye namba ya tapeli, piga simu kwa mtandao wako saa ile ile kabla hajaitoa, ripoti polisi, na namba yake uitume 15040, ambayo TCRA imeiweka kwa ajili hiyo. Hela iliyokwenda nje kwa TT ya benki kuirudisha ni kazi nyingine kabisa.

Vinavyotoka nje

Kununua nje siyo ndoto. Mnada wa Cheffins, jirani na mji wa Ely huko Uingereza, huuza matrekta kila mwezi na wanunuzi wake hutoka pande nyingi za dunia. Lakini hesabu ya kurudi nyuma inakuwa ndefu. Kabla ya dau, jua bei inaishia wapi. FOB ina maana muuzaji anakupakilia melini, nauli ya bahari na bima ni yako. CIF ina maana nauli na bima vimo mpaka bandarini Dar es Salaam, lakini tozo za bandari, wakala wa forodha na lori la kuja kwenu bado. Mnada wenyewe mara nyingi hauhusiki na lolote kati ya hayo. Trekta linabaki uwanjani na unatozwa kila siku linapokaa. Mzigo ukishashushwa, Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inakupa siku 21 za kuutolea tamko. Baadaye unapelekwa ghala la forodha, na ukiuacha zaidi unaingia ule mnada wa TRA niliousema mwanzo. Yaani unaweza kuwa wewe ndiye unayewauzia wenzako.

Mpe wakala wa forodha picha na maelezo akupigie makadirio kabla hujaweka dau. Trekta la kilimo lina nafuu ya ushuru, ila usidhani na trela lake, au jenereta uliloliweka humo humo, vimesamehewa. Kila kifaa kina kifungu chake. Canter kuukuu ndo usiseme, ina ushuru wa uchakavu kulingana na umri, na TRA wana kikokotoo mtandaoni cha magari yaliyotumika. Ukinunua Canter kutoka minada ya Japani dai karatasi ya mnada yenye gredi, siyo maneno ya muuzaji. Gredi ya R au RA inaashiria gari lililowahi kupata ajali na kutengenezwa.

Vitrekta vidogo vya Kijapani, Kubota, Yanmar, Iseki, ni vizuri na vinadumu. Ila vingi vilitengenezwa kwa soko la Japani pekee: maandishi ya tahadhari ni ya Kijapani na modeli hazifanani na zinazouzwa nchi nyingine. Marekani kesi ya Kubota zilizotumika za namna hiyo ilifika mpaka mahakama ya rufaa, na mwaka 1999 uamuzi wa kuzizuia ukaachwa usimame, sababu mojawapo ikiwa ni tofauti za maandishi, spea na huduma. Sisi hatujazuiwa. Lakini kabla ya dau, chukua namba ya modeli uende duka la spea uulize chujio la oili, sahani ya klachi na sili ya pampu. Wakikuangalia kama umeuliza spea ya ndege, umepata jibu.

Umeme nao. Kwetu ni volti 230 na hezi 50. Marekani ni 120 na hezi 60; Japani ni volti 100, mashariki hezi 50 na magharibi hezi 60. Kijana ananunua pampu ya umeme ya hezi 60, anaweka transfoma, volti zinakaa sawa, anashangaa maji hayafiki tanki. Mota ya hezi 60 kwenye hezi 50 inazunguka kwa mwendo wa tano ya sita. Maji yanapungua kwa moja ya sita, na kimo cha kusukuma kinapungua zaidi, kwa karibu asilimia 30. Iliyopandisha mita 30 itapandisha kama 21. Kama tanki lako liko mlimani, hiyo pampu ni pambo.

Kikishafika, kioshe kwanza

Hapa naongea kama bwana shamba, na hapa ndipo nawaona watu wanajali kidogo. Udongo ulioganda kwenye jembe, chini ya madigadi na kwenye matairi unakuja na mbegu za magugu, minyoo fundo na mnyauko bakteria. Dunia nzima inalijua hilo. Mwaka 2017 kulipitishwa kiwango cha kimataifa, ISPM 41, kuhusu usafi wa mashine na magari yaliyotumika yanayovuka mipaka, na hapa nchini mwenye dhamana ya afya ya mimea ni TPHPA. Ila mnyauko hausubiri mpaka wa nchi. Jembe lililonunuliwa wilaya ya jirani, lililolima nyanya zilizokauka, litakupandia ugonjwa shamba zima kwa siku moja. Kwangua udongo, osha kwa maji ya presha mahali ambapo maji hayatiririki kwenda shambani wala kwenye kisima, acha likauke juani. Oili zote na machujio badilisha siku hiyo hiyo, hata ukiambiwa zimebadilishwa jana.

Na bomba la kupulizia lililotumika, liwe la mgongoni au la trekta, lina hatari yake pekee. Huwezi kujua lilibeba nini. Masalia kidogo ya 2,4-D kwenye mpira wa hozi yanatosha kukunja nyanya zote. Suuza mara tatu, kisha jaza maji yenye amonia ya kusafishia, pitisha kwenye hozi na nozeli, uyaache humo usiku kucha, umwage mbali na chanzo cha maji, usuuze tena. Hozi za mpira kuukuu mimi nazitupa. Halafu kabla hujaingia nalo kwenye zao, jaza maji matupu, pulizia miche michache ya nyanya au maharage ya pembeni, usubiri wiki moja. Majani machanga yakijikunja au mashina yakipinda, rudia kuosha.